Madumu Hamsini Juu ya Mkeka

Hadi leo nikisikia mti ukilia kri chini ya mzigo, moyo hunipasuka. Sauti hiyo naijua tangu masika niliyokuwa darasa la sita, kwetu Kikoneni, Baba alipotuletea tangi jeusi la lita elfu moja. Alilibeba kichwani peke yake kutoka barabarani, majirani wakimshangilia. Akalipandisha juu ya jukwaa la nguzo nne za mivinje alilojenga mwenyewe ubavuni mwa nyumba, akaunganisha mfereji wa mabati, tukakaa kungoja mvua. Chini ya jukwaa palikuwa na kivuli kizuri. Mama akatandika mkeka pale, akawa anasuka ukili huku mdogo wangu Bakari, wa miezi minne, amelala kando yake.

Wiki ileile mwalimu wa hesabu alitufundisha kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Wenzangu waliandika wakaenda kucheza. Mimi niliganda na kalamu mkononi. Lita elfu ni kilo elfu, kilo elfu ni tani nzima, na chini ya tani hiyo amelala Bakari! Nilikimbia nyumbani nikamwambia Baba. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Tani gani hiyo, Mwanamisi? Si nimelibeba mimi mwenyewe, kwa kichwa changu hiki?"

Nilimwambia siku ile lilikuwa tupu. Akasema shule imeanza kunitia kiburi.

Mvua ikaja, wote wakafurahi isipokuwa mimi. Kila asubuhi niligonga tangi kwa kidole kusikiliza maji yamefika wapi. Nguzo ya upande wa shamba niliitia alama ya makaa, na alama ikawa inasogelea udongo, nguzo ikilia kri kila maji yalipoongezeka. Nikitoka shule nilimnyanyua Bakari usingizini nikampeleka barazani, akilia, Mama akinigombeza. Kula sili, kukaa sikai. Siku tangi lilipokaribia kujaa nilifungua bomba, maji yakamwagika uani, na Mama akanikuta papo hapo.

"Una wazimu wewe? Unamwaga neema ya Mungu?"

Nililia kwa hasira. "Ni tani, Mama! Tani nzima!"

Tani haikumwambia kitu. Nikatupa macho kwenye dumu lake la lita ishirini, alilokuwa akitekea maji kisimani tangu sijazaliwa, nikagawanya haraka kichwani. "Ni madumu hamsini. Yote yamekaa juu ya Bakari."

Mkono wa Mama ulipanda shingoni, akajikanda taratibu pale dumu linapomwelemea kila siku. Kisha akamtwaa mtoto, akakunja mkeka. Baba aliporudi kutoka shamba nilimsikia Mama akimwambia kwa upole, "Baba Mwanamisi, wewe umebeba tangi. Maji nayabeba mimi." Kesho yake Baba alipunguza maji, akaita wanaume wawili wakalishusha tangi, akaliweka juu ya mawe mapana. Hakucheka, wala hakunipongeza. Nilichukia kutopongezwa kuliko nilivyochukia kuchekwa, lakini usiku huo nililala.

Sasa naishi Kombani. Tangi langu ni la lita elfu mbili, liko juu ya paa la zege, na maji hupandishwa na pampu. Fundi aliniapia kwamba zege halina neno, lakini pampu ikinguruma bado huinuka kitini nikatembeatembea. Juzi nilimuuliza binti yangu maji yale yana uzito gani. "Tani mbili, Mama," akajibu bila kuinua macho kwenye simu. Jibu lake jepesi lilinikera. Nikajaza dumu moja, nikamwambia alibebe kutoka bombani hadi mlangoni. Alifika nusu ya njia akaliweka chini, anahema, kiganja kimekuwa chekundu.

"Mia moja kama hilo," nikamwambia, nikimwonyesha dari ya chumba chake.

Hakutazama dari. Alibaki akilitazama dumu.

"Mama," akauliza, "bibi alikuwa akibeba mangapi kwa siku?"

Hesabu hiyo sikuwa nimewahi kuipiga.