Eti Nilimfunga Mwanangu Miguu

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Wa rika langu wanaujua bila kutajiwa tarehe: ugali wa rangi ya manjano, mgumu, unanuka gunia, watoto wakiuona tu wananuna. Mchele tuliusikia kwa watu. Sukari tuliipangia foleni kwenye duka la ushirika, na ukichoka kusimama unaweka jiwe mahali pako, jiwe linakushikia zamu. Nilikuwa na jiwe langu, nikilijua kama ninavyojua sufuria yangu. Siku nyingine nikiliangalia naliona limechoka kama mimi.

Mwaka huo ndipo mwanangu wa kwanza alipochukuliwa na timu kubwa ya mjini, na haukwisha kabla Kariakoo nzima haijasema amechemsha. Jina la timu silitaji, siku hizi haipo tena. Ila maneno yake yapo. Juzi mjukuu wangu wa kike karudi kutoka dukani kavuta mdomo. Mzee mmoja pale barazani kamwambia, "Baba yako alikuwa awe mchezaji mkubwa, bibi yako ndiye aliyemfunga miguu." Miaka yote hiyo, bado! Basi naandika. Kuandika nilijifunza ukubwani, madarasa ya jioni ya watu wazima, kwa hiyo asiyependa mwandiko wangu na aache.

Tulikaa Ilala, chumba kimoja cha kupanga, mimi na wanangu. Baba yao alikwishafariki. Nilikuwa nauza mihogo ya kukaanga na chachandu pembeni ya soko la Kariakoo, wateja wangu makuli na wasukuma mikokoteni. Mwanangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkubwa kama mlango wa ghala, shingo imekaza kwa magunia. Jioni akishaegesha mkokoteni anacheza mpira uwanja wa mchanga, peku. Mabeki wakimng'ang'ania mgongoni anatembea nao kama amebeba watoto, halafu anageuka anapiga. Makuli walikuwa wanaacha mihogo yangu inapoa wakamwangalie. Nasema kwa kujivuna, na nitajivuna: hapakuwa na kijana kama yule toka Ilala mpaka Magomeni.

Timu ilipomchukua, mtaa ulipiga vigelegele. Wakampa njumu, wakampa jezi, wakampeleka kambini akale na wenzake. Mechi ya kwanza hakufunga. Ya pili hakufunga. Baadaye nikaanza kusikia watu wanachota chachandu yangu huku wanamsema, hawajui mimi ni mama yake, au wanajua.

"Lile dude? Gari la mizigo lile, halina honi."

"Mwili wa bure. Galasa tupu!"

Nikaona nisiambiwe, nikaone mwenyewe. Jumamosi moja nikafunga biashara mapema, nikaenda uwanjani na jirani yangu, mama mmoja wa Kilimanjaro, tulipanga nyumba moja, na duka lake la vitenge lilikuwa mbele ya genge langu. Mpira siujui. Najua tu kwamba unatakiwa uingie mle kwenye nyavu. Mwanangu akaupata mpira mbele kabisa ya goli, kipa kalala chini, nyavu ziko wazi, hata mimi na hizi kanga zangu ningefunga. Akasimama. Akageuka akamtafuta fowadi wao wa zamani, mtu mzima, kipenzi cha watu, akampa. Yule bwana akaupiga juu ukaenda kwa wauza karanga. Uwanja wote ukamzomea mwanangu.

"Yule kijana ana nini?" jirani akaniuliza.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimeona kitu hicho kila siku nyumbani kwangu, kwenye sinia.

Kwetu mtoto hagusi kitoweo. Mnakaa mkekani, mnanawa, mnakula ugali na mchuzi, na kile kipande cha samaki au nyama kinakaa pale katikati kinawatazama. Mkubwa ndiye anayekigawa. Asipokigawa, mnakula mchuzi mnashukuru. Mwanangu alikuwa na adabu hiyo kuliko ndugu zake wote. Ungeweza kumwacha peke yake na nyama ya sikukuu, ukirudi unaikuta.

Aliporuhusiwa kuja nyumbani nikamuuliza, "Baba, mbona hukupiga? Kipa alikuwa kalala."

"Kaka mkubwa alikuwa ameinua mkono, mama."

"Akiinua mkono ndiyo nini?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la aibu. "Kambini yeye ndiye anayetugawia nyama. Asubuhi nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba. Jioni nimpore goli?"

Na kocha je? Kocha naye alikuwa amemwambia kazi yake ni kubeba mabeki, kaka mkubwa apate nafasi. Kubeba! Kijana katoka kubeba sokoni, kaenda kubeba uwanjani. Nilikuwa nimechoka, na tena, ningemwambia nini? Mtoto umemfundisha adabu tangu anatambaa, leo umwambie Jumamosi aiweke pembeni, Jumapili aivae tena? Adabu si koti.

Basi timu ikaendelea kufungwa, na wazee wa timu wakakaa kikao. Wengine wangeangalia uchezaji. Wao walikwenda kwa mganga. Na mganga akawaambia kijana amefungwa, na aliyemfunga ni mwanamke wa nyumbani kwake anayekaa na moto.

Nani huyo anayekaa na moto, kama si mimi na karai langu?

Walikuja watatu, alasiri, namenya mihogo uani. Msemaji wao mzee mmoja wa kanzu safi, mpole sana wa maneno. Nyuma yao mwanangu, kichwa chini. Wana bakuli la maji limefunikwa kitambaa.

"Mama yetu, shida ni ndogo," mzee akasema. "Ukohoe kidogo, uteme mate humu, useme: nimemfungua. Yeye atanawa miguu. Basi. Hatuna neno na wewe."

"Na nisipotema?"

"Usipotema, mama, kijana arudi tu nyumbani. Timu haiwezi kubeba mtu aliyefungwa."

Nikaweka kisu chini. "Baba, mwanangu hajafungwa na mtu. Anamwogopa mkubwa wake. Mwambieni yule fowadi wenu amwambie mwenyewe, mbele ya wote: ukilifikia goli, piga. Kwisha."

Wakacheka. Wa pembeni akasema, "Mama muuza mihogo sasa kawa kocha!"

Jirani yangu alikuwa amekuja kuchukua moto. Akaniinamia sikioni, "Shoga, tema hayo mate yaishe. Mate yako yana bei gani?"

"Nikitema leo," nikamwambia kwa sauti, wote wasikie, "kesho mtoto wa mtu akiumwa homa hapa Ilala, nani ataitwa akateme? Na nani atakula mihogo yangu?"

Akainama kuchota makaa yake. Mwanangu ndiye aliyesema. Hajawahi kuniomba kitu tangu baba yake afe, viatu hakuomba, daftari hakuomba. Akapiga magoti pale kwenye maganda.

"Mama, tema tu. Naomba."

Hapo moyo wangu uliuma, siwezi kuandika namna ulivyouma. Nilijua namwondoa kwenye timu kwa mdomo wangu. Lakini nikisema nimemfungua, nimekubali kwamba nilimfunga; na yeye angeondoka pale akiamini mama yake mchawi. Njumu zinaisha. Imani hiyo haiishi. Nikamwangalia mzee wa kanzu usoni, nikamwambia:

"Sikumfunga, simfungui."

Wakachukua bakuli lao. Juma lililofuata mwanangu alikuwa kwenye mkokoteni, na kwa muda mrefu alikula akinipa mgongo.

Baadaye timu ya kiwanda kimoja Morogoro ikamchukua. Timu ya vijana wadogo, wengine ndevu hawajaota. Kule yeye ndiye aliyekuwa kaka. Yeye ndiye aliyeamkiwa, yeye ndiye aliyegawa nyama kwenye sinia. Na hakuna aliyemfundisha tena kufunga! Mpira ukimfikia anageuka anapiga, maana hapakuwa na mkubwa wa kumtafuta. Makuli walikuja kuniambia magoli yake huku wanakula, na wale wale waliosema galasa walisema, "Si tulijua sisi?"

Kisha mzee wa kanzu akarudi, akanikuta gengeni. Safari hii peke yake, jua kali, na kanga mpya doti nzima na kilo ya sukari. Sukari! Niliitazama ile karatasi ya kaki, mdomo ukajaa mate. Watoto walikuwa wananywa uji mkavu siku nyingi.

Hakukaa hata vizuri. "Mama yetu, tumekuja kukushukuru. Kumbe ulimfungua kimyakimya."

"Mimi?"

"Ulikuwa na hasira na sisi, tunakubali. Sasa mwite arudi mjini. Na ukimwita, ukamfungue na huku kwetu, asije akachemsha tena. Ufunguo unao wewe."

Yule fowadi wao bado yupo? Nikamuuliza. Akasema yupo, ndiye nahodha, ndiye anayegawa nyama.

Miguu ilikuwa inaniuma, nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Sikuwa na nguvu ya kumweleza mara ya pili habari ya mkubwa na mdogo. Nikaweka kanga juu ya sukari, nikamrudishia vyote mikononi mwake, nikageuza mihogo yangu isiungue.

"Sikumfunga, simfungui."