Chumvi Chungu na Rufaa ya Sikio Langu

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu si ile niliyorudi kutoka vitani nikapokewa kwa ngoma. Ni ile niliyowalisha wakwe zangu chumvi chungu. Vuta mkeka, uje upande huu wa kulia, maana sikio la kushoto ni pambo tu.

Sikio hilo nililiacha vitani. Kombora lilitua karibu, likanirusha juu mpaka nikawaona ndege migongo, na nilipotua nikakuta dunia imepungua upande mmoja. Nilipoomba mafao ya askari aliyeumia nikajibiwa kwamba hakuna uthibitisho kuwa sikio liliharibikia vitani. Huenda nilizaliwa hivyo. Nikakata rufaa. Karani mmoja pale Lindi alinisaidia kuiandika, kwa sababu enzi hizo herufi nilizitambua kama mtu anavyomtambua ng'ombe wa kijiji cha mbali: naona ni ng'ombe, mwenyewe simjui. Kisha nikarudi kwetu Pande, nikaanza kungoja.

Kungoja, mwanangu, kuna utamu wake. Hilo watu hawalisemi. Nilikuwa nimepata kibarua kwenye majaruba ya chumvi. Unaingiza maji ya bahari wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, unayaacha jua liyanywe, halafu unaikwangua chumvi kabla yale maji machungu ya mwisho hayajakauka juu yake. Mchana wa kule ni mweupe mpaka kivuli chako kinaona haya kutoka. Anga liko juu, anga jingine liko chini ndani ya maji, na wewe katikati unaelea. Sikio langu lililokufa lilikuwa likivuma kutwa kama mzinga wa nyuki, na ndani ya mvumo ule nililisikia basi linakuja na jibu langu. Nilimsikia utingo akiliita jina langu. Nikaiona nyumba nitakayojenga, bati lake linang'aa hadi manahodha wanafumba macho, na Somoe amekaa barazani, kitenge kinapepea polepole, upepo wenyewe haupo.

Somoe alikuwa mchumba wangu. Posa ilishapokelewa, ilibaki kutaja siku ya ndoa tu. Kila nilipoulizwa, nilijibu, "Rufaa ikitoka." Mikorosho ikachanua, ikazaa, korosho zikaokotwa, na mimi wimbo wangu ni ule ule. Asubuhi moja Somoe alinikuta njiani natoka kituoni, maana barua zetu zilikuwa zikija na basi. Akatua ndoo yake chini.

"Hebu niambie, Bakari. Unanioa mimi au unaioa Serikali?"

"Somoe, subira yavuta heri."

"Heri ikivutwa na wewe itafika imekonda."

Akajitwisha ndoo, akaenda zake. Nami, badala ya kumfuata, nikarudi kituoni, nikahisi kama basi limesahau kitu.

Ndivyo jaruba langu lilivyobaki bila mtu. Maji yakakauka yote, mazuri na machungu pamoja. Lakini kwa macho, mwanangu, chumvi ile ilikuwa nyeupe kuliko meno ya bibi harusi! Nikajaza kikapu kabla hata msimamizi hajaionja, nikaipeleka ukweni kwa maringo kama mtu aliyeichimba bahari yenyewe. Wakaitia kwenye mchuzi wa samaki changu, wakasonga ugali, nikakaribishwa nile.

Baba mkwe alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna kama mtu aliyemwona nyoka ukutani. Shemeji yangu alitoka nje mbio, na mpaka leo sina hakika kama alisharudi. Ni Bibi Zaituni peke yake, nyanya yake Somoe, aliyetafuna mpaka mwisho akameza. Huyu alikuwa akiniita mume wake, kama ilivyo utani wetu kwa mchumba wa mjukuu.

"Mume wangu," akasema, "chumvi hii umeitoa wapi?"

"Jarubani kwangu, bibi."

"Na ilipokuwa inakauka, wewe ulikuwa wapi?"

Nikainama. Somoe akanijibia kutoka uani: "Kituoni!"

Baba mkwe akacheka mpaka akapaliwa. Bibi hakucheka.

"Nisikilize kwa hilo sikio ulilobakiza. Chumvi haiozi, lakini hii yako imechacha kwa kungojeshwa. Mwenye jaruba hangojei jua amekaa kitako. Anangoja huku reki iko mkononi."

"Bibi, bado sina kitu. Wakinipa haki yangu..."

"Haki yako idai mpaka kiama, na kaburini nitakuja kukukumbusha. Lakini nani humu ndani amekuomba sikio? Mjukuu wangu anataka mtu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Taja siku kabla sijanawa mikono. Usipotaja, wapo watu wa kijiji cha Sudi wameshatuma salamu za posa, na mmoja ana masikio yote mawili."

Ile nyumba yangu ya bati ikaanza kuyeyuka, baraza ikaenda, nikabaki namwona Somoe tu, amesimama mlangoni na upawa mkononi. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja. Hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote ule na yeye alikuwa anangoja, na kungoja kwake hakukuwa na utamu hata chembe.

"Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa ipi? Zipo nyingi."

"Hii inayokuja."

"Haya. Somoe, lete maji ya kunywa, mume wetu ametuua."

Tukaoana, tukaingia kwenye kibanda cha makuti ambacho mwezi ulikuwa ukiingia bila hodi. Jibu la rufaa lilikuja wakati Somoe anamwogesha mtoto wetu wa kwanza: imekataliwa. Nililia kwa jicho moja, jingine likimtazama mtoto asiteleze. Baadaye nikajiunga na darasa la jioni la watu wazima, nikasoma mpaka kofia ikanibana, rufaa ya pili nikaiandika kwa mkono wangu. Na sasa ipo nyingine, wajukuu wameifuatilia kwa simu, tunaambiwa inashughulikiwa. Ninaingoja, ndiyo. Sikio ni langu na vita vilikuwa vya kweli. Lakini asubuhi napalilia ufuta, na Somoe huniita makusudi kwa upande usiosikia, kisha ananisuta kwamba namdharau.

Basi, mwanangu unayengoja jibu la kazi, la kesi, la mkopo, la ofisi yoyote ile: dai chako. Fuatilia, uliza, usione haya kuonekana msumbufu. Ila usimwambie anayekupenda "ngoja kwanza" kwa jambo ambalo wewe mwenyewe huna mamlaka nalo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ofisi ikichelewesha karatasi, imechelewesha karatasi. Wewe ukimchelewesha mtu umechelewesha umri wake, na umri haukatiwi rufaa.

Mola akupe haki yako ungali na meno ya kuifurahia. Akupe watu wa kula nao kabla haijafika. Na mlango utakaochelewa kufunguka, usikukute umekaa nje peke yako. Amin.