Ulimi wa Delvina

Kila msimu Delvina alipanda mlima na wachumaji wa beri, na kila msimu alirudi mikono mitupu. Aliwaendesha wanawake kwa gari lake, akawabebea maji, akafukuza dubu kwa kugonga masufuria. Kuchuma, hapana. Alichukuliwa kutoka kwao angali mdogo, akalelewa na wageni mjini Portland, na mchumo wa kwanza, ambao kila binti wa kwao huutoa wote kwa mzee wa ukoo bila kuonja hata tunda moja, ukampita akiwa huko. Alirudi mtu mzima. Akafua mataulo kwenye mabwawa ya kuogea ya chemchemi ya maji moto, akazaa, akazika mume. Asiyetoa mchumo wa kwanza si mchumaji, na Delvina hakutaka desturi ipindwe kwa ajili yake.

Mwaka huu, na mvi zake, aliamua kuutoa mchumo huo, akajifunga kikapu kiunoni.

"Loo, bibi arusi!" Luverne, wifi yake, alimpigia kelele kutoka vichakani. "Utampa nani? Wazee si ndio sisi?"

"Nitampa shangazi Orvella."

"Yule? Ana meno mawili, na hayo yenyewe hayasemezani!"

Delvina akainama, akachuma. Beri zilikuwa nyeusi, zimevimba kwa utamu. Moja ilipasuka vidoleni, maji yake yakamchuruzika kiganjani. Mate yakamjaa. Akaufuta mkono kwenye nyasi upesi, asije akajisahau akaulamba.

Alasiri wakashuka chemchemini. Shangazi Orvella alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu majini, mvuke ukimpanda magotini. Wasichana wawili wa mchumo wa kwanza walisimama mbele yake. Delvina akajipanga nyuma yao, kama mwerezi mzima kati ya miche.

"Ulimi," akasema bibi kizee.

Beri haijui kutunza siri. Wa kwanza alitoa ulimi mwekundu, akapita. Wa pili alikuwa zambarau mpaka kooni.

"Moja tu, bibi!"

"Moja ndiyo iliyokupaka rangi hivyo? Haya, mwakani."

Wakacheka wote. Kisha ikawa zamu ya Delvina, na kicheko kikakatika. Delvina akafumba macho, akatoa ulimi.

Orvella alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akatazama kwa muda mrefu.

"Safi!" akatangaza, sauti ikavuka maji. "Huyu ni mchumaji. Huyu ni wetu!"

Akazamisha mkono kikapuni, akala, akafumba macho. Kikapu sasa kilikuwa haki yake, naye akakipitisha kwa wenzake. Luverne akachota kwa viganja viwili.

"Chachu," alisingizia, machozi yakimtoka. "Kesho ulete nyingine, wifi."

Delvina alirudishiwa kikapu kitupu. Akakifunga tena kiunoni, akapita nacho hivyo hivyo kando ya mabwawa anakofulia, kidevu juu, polepole, kila mtu apate kuona.