Pembe Zilizosogea Jikoni

Niliishia darasa la pili, na sioni aibu kusema. Nyumba hii ya Malangali nimeijenga mwenyewe, miaka ile ya ruksa, bati zilipoanza kuonekana madukani na kila mtu akataka kuachana na nyasi. Bati zangu zilikuwa tayari zimelazwa chini ya kitanda. Kilichobaki ni msingi, na mvua ilikuwa inanukia.

Shuleni, maumbo yalikuwa yanawasumbua wanangu wanne. Nikawaita kiwanjani. "Leo ninyi ndio pembe." Kila mmoja nikamsimamisha kwenye kona yake, fundo la kamba ya katani mkononi, pande mbili ndefu zimelingana, mbili fupi zimelingana.

"Umbo gani hili?"

"Mstatili, baba!"

Mama yao alikuwa pembeni anachoma mahindi. Harufu ilipowafikia, wale wawili wa upande wa jikoni wakaanza kusogea pamoja kwa ubavu, taratibu, kama mbuzi wanaojifanya hawalioni shamba. Kamba haikulegea. Pande zilikuwa zilezile, ila nyumba nzima imelala.

"Na sasa?"

"Bado mstatili," akajibu kitinda mimba, macho kwenye moto.

"Mstatili gani huo umelewa? Bati zangu zitakaaje?"

Nikavusha kamba nyingine katikati, kutoka kona hadi kona, kisha nikavusha kwa zile kona mbili nyingine. Moja ndefu, moja fupi. "Mnaona? Hizi zikilingana, ndiyo mstatili. Zisipolingana, huo ni msambamba. Pande peke yake msiziamini."

"Baba watoto," mke wangu akaita, "pembe zako zina njaa. Waache waje wale."

"Watakula msingi ukinyooka."

Wakarudi kwenye kona zao wananuna, nami nikapigilia vigingi.

Msingi ulinyooka. Bati zilipanda kabla ya mvua, na mpaka leo hazivuji. Asiyeamini aje na kamba yake apime. Mama yao tulishamzika. Watoto wako mbali, kila mmoja na mji wake. Wanapiga simu: "Shikamoo baba, nyumba inaendeleaje?" Najibu, imenyooka.

Nikimaliza kuanika ulezi, nakaa pale palipokuwa na jiko lake. Nachoma hindi. Harufu inasambaa uwanjani, nami natazama zile kona nne, moja moja.

Hakuna inayosogea.