Taa Mbovu Begini

Juzi stendi ya Kibiti, kwenye dirisha la tiketi, nilimkuta binti wa kijijini Salale anaaga. Amepata nafasi chuo cha kimataifa ng'ambo, anakwenda kufanya utafiti wa mwanga. Mama mmoja, jirani yao, akamkabidhi taa ya sola iliyokufa.

"Mwanangu, si unakwenda kusomea mwanga? Huko waniangalizie na hii."

Foleni nzima tukacheka. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akatoa viatu begini ili ienee.

"Dada, unabeba kibovu mpaka ng'ambo?" akauliza mkata tiketi.

"Taa hii ndiyo iliyonimulikia madaftari sekondari yote. Mama huyu alikuwa ananiazima, mwenyewe anapika gizani."

Jirani akaviokota viatu, akavipangusa kwa kanga. "Nitakuwekea."

Wakaguzi wa uwanja wa ndege, mkiikuta msiitupe. Hiyo ndiyo ada ambayo binti bado anadaiwa.