Mama Anasema Pacha Havuki Bahari Akamwacha Mwenzake Mjamzito

Admin, salamu kwako na kwa wote mnaosoma hapa. Niite Kulwa, wala usihangaike kulificha jina, maana Geita hii ukiita Kulwa sokoni nusu ya soko inageuka. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili, ni fundi cherehani hapa Kalangalala. Pacha wangu Doto ameolewa Kharumwa, jirani na mama yetu.

Miaka kadhaa sasa nina ugonjwa wa Japani. Ulinianza kwenye simu, nilipomwona mama mmoja wa kule akikata kimono, lile vazi lao la asili. Vipande vyote vimenyooka, hakibaki hata kitambaa cha kufutia vumbi, na nguo ikichakaa anaifumua, anaifua, anaishona upya. Mimi ninayefagia mabaki ya vitenge kila jioni nikasema hawa watu lazima niwaone kwa macho yangu. Basi mimi na mafundi wenzangu wawili wa Mwanza tumejipanga. Tutafikia nyumba ya wageni ya kienyeji, tutalala kwenye mikeka, kuna siku ya kufundishwa kuvaa kimono, siku ya kutia vitambaa rangi ya nili, na siku ya kukaribishwa chai kwa utaratibu wao, ambao hata kugeuza kikombe kuna namna yake. Viza imetoka, tiketi ninayo. Mume wangu amekubali, alichouliza ni kama huko nitapata ugali.

Nikaenda Kharumwa kuaga. Nikapiga magoti, nikamwamkia mama, nikamweleza. Akacheka, akasema, "Kulala kwenye mkeka ndiyo upande ndege? Si ulale hapa kwangu?" Tukacheka wote. Kisha akauliza, "Na Doto?" Nikamjibu Doto ni mjamzito, ataendaje. Kicheko kikakata palepale.

"Basi na wewe huendi," akasema. "Ninyi ni mabasa. Pacha havuki bahari akamwacha mwenzake na mimba. Ukivuka, ile mimba haitakaa."

Mabasa ndiyo mapacha kwa Kisukuma. Kama hii ni mila yetu sote au ya mama yangu peke yake, mimi sijui, na niliowauliza kila mmoja ana lake. Ninachojua ni kwamba Doto ameshapoteza mimba mbili, na hii ya tatu ndiyo kwanza imefika miezi sita. Hapo ndipo ninapokwama. Siamini maneno ya mama, lakini siyo kwamba siyaogopi.

Na niseme ukweli, nimechoka. Maisha yangu yote ni Doto. Akiugua malaria, dawa nanyweshwa na mimi niliye mzima. Darasa la saba nilifaulu, yeye akafeli, mama akanirudisha nirudie naye kwa sababu mapacha hawaachani. Nililia nikanyamaza, nikarudia. Hata harusi yangu ilisogezwa mpaka yeye apate mchumba. Jambo hili moja nililipanga mwenyewe, nikalipenda mwenyewe, na bado limepita tumboni kwa Doto.

Mnisamehe kwa kusema hivyo. Nampenda dada yangu kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku ile nilimfuata kwake. Sikutaka kumwambia aliyosema mama, kumbe alishaambiwa. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, hakuniangalia. Nikamwambia, "Doto, ukisema nisiende, siendi." Akasema, "Nikikuzuia utanichukia. Ukienda, kila tumbo likinikata nitasema ni wewe uko angani." Nikamwuliza sasa tufanyeje. Akasema, "Nenda Kulwa. Ila usiniambie siku. Nisijue kama umeondoka mpaka urudi."

Kusogeza safari hakuwezekani, viza ina mwisho wake na wenzangu hawawezi kuningoja. Wanaondoka mwezi ujao. Mume wangu anasema niende, mimba inatunzwa kliniki. Mama hapokei simu zangu. Nikienda na Doto akampoteza mtoto, hakuna daktari atakayewashawishi Kharumwa kwamba siyo mimi, na sijui kama hata mimi mwenyewe nitashawishika. Nikibaki, najijua, nitakuja kumwangalia huyo mtoto na kuona Japani.

Tangu siku ile Doto ananipigia kila asubuhi. Haulizi watoto, haulizi kazi. Anauliza neno moja tu, "Upo?" Namjibu, "Nipo," anashusha pumzi, anakata. Sijawahi kumdanganya Doto tangu tuzaliwe. Ndugu zangu, hebu niambieni, asubuhi nitakayokuwa uwanja wa ndege nimjibu nini?