Tulipofungia Neno "Mpendwa"

Mjomba wangu ana gesti pale Shanwe, na kazi ya kutunza tovuti yake na barua pepe iliniangukia mimi kwa kuwa nilisoma kompyuta. Kwake, aliyesoma kompyuta ndiye anayeitwa hata feni ikigoma.

Matapeli walikuwa wamemchosha. Kila asubuhi alikuta barua za mikopo na urithi, na zote zilianza vilevile: mpendwa mteja, mpendwa katika Bwana. Siku moja alinigeukia amefura.

"Fungia hilo neno lote! Mwanaume mzima naitwa mpendwa na watu hata sijawahi kuwaona?"

Nilimwambia ni afadhali tuzuie anwani mojamoja. Alikataa, maana mjomba kwa ubishi hana mpinzani. Nikaingia kwenye paneli ya tovuti, nikaliweka neno hilo kwenye orodha ya kuzuiwa, ili barua yoyote yenye neno hilo isimfikie. Kesho yake matapeli kimya, akaninunulia soda.

Wakati huo alikuwa amekosana na binti yake, aliyefunga ndoa huko Dar kabla ng'ombe wa mahari hawajazungumzwa. Kwetu Wasukuma hilo si jambo dogo. Binti alipiga simu, mjomba akakata. Akapiga tena, akakata. Simu zilipokoma ndipo mjomba alipoanza kuumia.

"Nyie mabinti mna kiburi," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeolewa. Nilimwonea huruma, lakini pia alinikera.

Baadaye mnunuzi wa asali, anayelala kwetu akielekea Mwese, alilalamika kwamba barua yake ya kuomba chumba haikujibiwa. Nilishuku naye ameandika "mpendwa", nikafungua paneli ili nimweke kwenye orodha ya walioruhusiwa. Humo, kati ya barua zilizozuiwa, nikakuta za binti wa mjomba, nyingi, na kila moja imeanza: "Baba yangu mpendwa." Ya mwisho ilisema amejifungua, na kama baba bado hataki kumjibu, hatamsumbua tena.

Nilimsomea mjomba zote. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Mbele yangu huwa ananiita baba tu," alisema. "Sikujua kama ana neno hilo."

Nikamwambia nitairuhusu anwani ya binti, neno libaki limefungiwa.

"Lifungue."

"Matapeli watarudi, mjomba."

"Waje. Nitawasoma wote," alisema, na simu ilikuwa tayari sikioni, inaita.